Aliyewahi Maziko

Sajenti Athanas alipewa agizo Jumamosi asubuhi, tena kwa maneno machache. Bwana Inspekta, Mzungu ambaye homa haikumwachia tangu masika yaanze, alimwambia mlangoni mwa ofisi ya polisi ya Kisarawe kwamba Jumatatu mjane wa Mbwawa atachukuliwa kupelekwa rumande Dar es Salaam. Kazi ya Athanas ilikuwa kwenda kuchukua maelezo yake ya mwisho, basi.

"Yumo edani, bwana," Athanas alisema.

"Hata rumande kuna vyumba," Inspekta alijibu, akarudi ndani kutafuta kwinini yake.

Kesi yenyewe ilionekana nyepesi, na Athanas hakuzipenda kesi nyepesi. Kibwana, mkulima wa Mbwawa, alikutwa Jumanne moja alfajiri amelala chini ya dungu lake, kile kilingo cha miti alichokuwa akikesha juu yake kuwafukuza nguruwe. Watu walisema ameteleza kwa mvua, wakamwosha, wakamzika siku ileile. Lakini Mzee Mwinyijuma aliyemwosha hakupata usingizi. Siku chache baadaye alikwenda kwa jumbe akaeleza kwamba kichwa kile kilikuwa na majeraha mawili, moja la kisogoni na moja la mbele, na kuanguka kulikuwa kumoja. Kaburi likafukuliwa, daktari akakubaliana na mwosha maiti. Mchi wa kinu ukakutwa majanini karibu na dungu, una damu. Mchi ulikuwa wa Zena, mke wa marehemu. Chakula cha jioni ile kilipelekwa na Zena. Majirani walisikia mke na mume wakigombana wiki ileile. Inspekta akajumlisha, akaridhika na jumla yake.

Athanas alikuwa Mzaramo wa upande wa Pugu, mtoto wa Wakatoliki, lakini nusu ya shangazi zake walikuwa Waislamu na eda aliijua tangu utoto. Kumtoa mwanamke edani na kumpandisha gari mbele ya macho ya wanaume ni sawa na kumvua nguo barabarani. Hata akirudi hana hatia, ataonyeshwa vidole mpaka anaingia kaburini. Jambo hilo lilimkera Athanas kuliko tope lililolinasa gari la polisi mara tatu kabla hawajafika Mbwawa.

Mlangoni mwa chumba cha mjane kulitundikwa shuka jeupe. Mbele ya shuka, juu ya jamvi, aliketi Bi Biubwa, mama wa marehemu, mwanamke mfupi aliyekwisha kukonda kwa majonzi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua?"

"Leo nimekuja kuuliza tu."

"Na keshokutwa?"

Athanas akavua kofia yake, akaitikisa maji. Aliketi kwenye kigoda alichosukumiwa na bibi, akaelekeza uso wake kwenye shuka.

"Bi Zena, jioni ile uliondoka shambani wakati gani?"

"Kabla ya magharibi." Sauti ilitoka taratibu, ya mtu aliyekwisha kuulizwa mengi. "Nilimwachia ugali na kisamvu, nikaikimbia mvua."

"Na mchi?"

"Niliuacha palepale kwenye kinu, chini ya dungu. Miye huwa siurudishi nyumbani, nani abebe mchi kila siku?"

"Mligombania nini?"

Bi Biubwa akageuza uso ukutani.

"Shamba," Zena alisema hatimaye. "Mzungu wa mashamba ya mkonge alilitaka, na Kibwana alikwisha kukubali. Nikamwambia, baba mkwe kalala mle. Akaniambia watamfukua wamhamishe, wapo watu wa kazi hiyo."

Athanas aliandika, na kila alichoandika kilizidi kumdidimiza yule mwanamke. Hata mwongo anayejifunza angejua kwamba ugomvi wa shamba haufai kutajwa mbele ya polisi. Zena aliutaja kama anavyotaja kisamvu.

"Hamumjui mtu aliyekuwa na kisa naye?"

"Yupo Maneno!" Bi Biubwa alidakia. "Yule mchoma mkaa. Aliapa mbele za watu kwamba atamtoa roho mwanangu, sababu ya mti wa mkongo."

"Maneno usiku ule alikuwa ndani, mama. Alikata miti ya serikali. Mlango nilimfungia miye mwenyewe, Kisarawe."

Bibi akashusha mabega. Alikuwa amelishikilia jina hilo kwa siku nyingi, na sasa hakuwa na la pili. Alikaa akichezea ncha ya kanga yake, kisha akaanza kusema na Athanas kama anavyosema mtu na mgeni wa msibani.

"Mwanangu hakuwa na adui, baba. Mwenye adui hazikwi vile. Mbwawa nzima ilikuja. Hata nduguye alitoka Aden."

"Aden?"

"Mwinyimadi, mwanangu mkubwa. Ni mpishi huko, katika kambi ya Waingereza. Simu ya maandishi ilimkuta jikoni, akaiacha sufuria motoni, akapanda ndege. Jeneza linatoka mlangoni, na yeye anateremka kwenye teksi! Akaingia kaburini mwenyewe, akampokea mdogo wake kwa mikono yake, akamlaza mwanandani." Machozi yakamtoka, lakini uso ulikuwa na fahari. "Mwenyezi Mungu amlipe kheri aliyeitengeneza ndege. Zamani ningemzika Kibwana peke yangu."

Athanas alisema pole, na aliisema kwa moyo. Alipotoka nje alimkuta huyo Mwinyimadi mwenyewe, mtu mrefu wa makamo, yu juu ya paa la jikoni anaziba tundu kwa makuti mapya. Alikuwa amebaki mpaka arobaini ipite. Wakasalimiana, Athanas akampa pole, Mwinyimadi akajibu kwamba wamekwisha kupoa, akaendelea na makuti yake mvuani.

Ndani ya gari aliingia Shomari, jirani wa marehemu, aliyeomba kusogezwa mpaka njia panda. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na ukimya wa polisi ulimtisha, kwa hiyo akaujaza.

"Simu ya Aden niliipeleka miye, afande. Stesheni ya Ruvu. Nilifika saa tatu asubuhi, karani wa reli akaigonga mbele ya macho yangu. Kurudi sasa! Tairi likapasuka, nikaisukuma baiskeli kwenye tope mpaka adhuhuri ikanipita njiani. Alasiri inasaliwa ndio nafika. Kidogo niyakose maziko." Akacheka. "Watu walinichekaje! Miye natoka Ruvu, nusura nichelewe. Mwenzangu katoka Aden, kaniwahi!"

Akakumbuka kwamba anasema habari za msiba, akaziba mdomo. Dereva alitabasamu. Athanas hakutabasamu. Alimtazama Shomari mpaka Shomari akaanza kujipapasa asijue amekosa wapi.

"Hebu rudia," Athanas alisema. "Saa tatu."

"Saa tatu, afande. Kasoro ya dakika mbili tatu."

"Mwinyimadi alisema aliipata simu hiyo ndipo akaondoka? Ulimsikia mwenyewe?"

"Tulimsikia sote. Mwalimu wa shule akasema hayo ndiyo maendeleo."

Njia panda ilipofika Shomari aliteremka upesi bila ya kuaga. Athanas akamwambia dereva aache njia ya Kisarawe, ashike ya mjini mpaka uwanja wa ndege ulioko barabara ya Pugu. Kitu kilichomuudhi ni kwamba hata yeye, polisi wa miaka kumi na minne, aliisikia habari ile kutoka kinywani mwa mama akaona uchungu wake tu. Mfiwa aliyelia kaburini haulizwi alikotoka. Anashikwa mkono, anapewa kahawa.

Karani wa uwanja wa ndege alikuwa Mgoa mwenye tai na majivuno, na swali la Athanas lilimfurahisha kwa sababu siku nzima hakukutua ndege wala hakukuja mtu. Alimwongoza mpaka kwenye ramani kubwa ukutani, akachukua rula.

"Aden hii. Dar es Salaam hii. Ukivuta mstari, maili elfu moja na mia nne, na kidogo. Ndege zetu zinakwenda maili mia na sabini kwa saa, upepo ukiwa mwema. Sasa piga hesabu."

"Saa nane na kitu."

"Saa nane na kitu, kama ni kunguru asiyetua. Ndege yetu inatua. Inaondoka Aden alfajiri, inashuka Hargeisa, inashuka Mogadishu, inafika Nairobi jioni. Abiria analala Nairobi. Asubuhi anapanda nyingine, Mombasa, Tanga, Unguja, ndipo aje hapa, saa nane mchana. Siku mbili, Sajenti. Na hizo ni siku mbili za bahati."

"Mtu akiwa na haraka? Amefiwa?"

"Wenye haraka wote wanapanda ndege hiyohiyo."

"Inakuja siku zipi?"

"Kutoka Aden wanatua Nairobi Jumamosi na Jumatano. Kwa hiyo kwangu hapa wanafika Jumapili na Alhamisi."

"Na Jumanne?"

Mgoa akatikisa kichwa. "Jumanne utapata watu wa Nairobi na wa Mombasa. Wa Aden humpati. Ukimwona mtu wa Aden hapa Jumanne, huyo yupo tangu Jumapili."

Athanas alishukuru, akaenda kusimama nje chini ya paa. Uwanja wote ulikuwa maji. Alijaribu kumtetea Mwinyimadi, kama anavyojaribu kumtetea kila mtu kabla hajamfunga. Huenda alikuja Jumapili kwa heri tu, kuwatembelea wazee, akakawia mjini, akasikia msiba. Jambo hilo lingewezekana kabisa. Lakini mtu wa namna hiyo angesema hivyo. Asingemtungia mama yake sufuria iliyoachwa motoni.

Kesho yake, Jumapili, Athanas hakwenda misa. Alifika Mbwawa asubuhi, akamwacha dereva barabarani, akapita nyuma ya nyumba mpaka shambani. Mwinyimadi alikuwa ameketi juu ya dungu la mdogo wake, kwa kuwa nguruwe hawangojei arobaini. Mbele yake kulikuwa na mahindi yaliyolala kwa mvua, na ng'ambo ya mahindi makaburi mawili, moja la zamani, moja jekundu bado.

"Karibu, afande. Ngazi inateleza."

Athanas akapanda, akaketi kwenye fito.

"Ulisafiri salama kutoka Aden?"

"Salama tu. Ndege ni ndege."

"Nairobi ulilala?"

Mwinyimadi akashika ufito uliokuwa kando yake. "Sikulala. Niliunganisha."

"Jumanne?"

"Jumanne, ndiyo."

"Jana nilikuwa uwanja wa ndege," Athanas alisema. "Simu iliondoka Ruvu saa tatu. Saa kumi ulikuwa umesimama kaburini. Ni saa saba hizo. Nimeelezwa kwamba hata ndege ingekuja moja kwa moja bila ya kutua ingekuwa bado iko juu ya bahari. Na Jumanne hakuna abiria wa Aden. Wapo wa Jumapili."

Mwinyimadi hakuinua macho. Alikuwa akichuna ganda la ufito kwa kucha, taratibu.

"Watu waliniuliza mbele ya jeneza," alisema. "Ningejibu nini?"

"Ungejibu kweli, kama kweli ingekuwa nzuri."

"Mama alifurahi sana. Kila akisimulia anaongeza."

"Kesho shemeji yako anatolewa edani. Unajua?"

Mikono ikasimama. "Walisema ni maswali tu. Nilijua watamwachia, maana hana kosa."

"Watamwachia wamshike nani? Hakuna mwingine aliyejitokeza."

Mvua ikawa nyingi, wakalazimika kusogeleana katikati ya kilingo, polisi na mtu wake, magoti yakigusana. Mwinyimadi alianza kusema bila ya kuombwa tena. Baharia mmoja wa Kizaramo ndiye aliyemletea habari Aden kwamba shamba linauzwa, na kaburi la baba limo ndani. Akaomba ruhusa, akafika Dar es Salaam Jumapili, akalala Kariakoo. Jumatatu jioni akaja kwa miguu kutoka stesheni ya Ruvu, amejifunika gunia kwa mvua, hakuna aliyemtambua. Alitaka kusema na mdogo wake kwanza, wawili tu, mama asijue kama hawapatani.

"Tukashuka chini tukaota moto. Nikamsihi. Akaniambia, wewe ulikwisha kuondoka, kaka, shamba ni la anayelima. Nikamwambia, na baba? Akasema mifupa haijui ilipo." Aliionyesha ngazi kwa kidevu. "Akanipa kisogo apande ngazi. Mchi ulikuwa mkononi mwangu, sijui niliuchukua lini. Nilimpiga mara moja. Akaangukia jiwe la moto kwa uso. Nikautupa mchi, nikarudi Kariakoo usiku uleule."

Jeraha la kisogoni na jeraha la mbele. Mzee Mwinyijuma aliona sawasawa.

"Tikiti ya kurudi ulikuwa nayo," Athanas alisema. Alikuwa na kila alichohitaji, lakini swali hili alilitaka kwa ajili yake mwenyewe. "Ungekaa Kariakoo siku chache, ukapanda ndege, ukaenda zako. Ungekuja arobaini ukalia na wenzako. Nisingekujua mpaka kufa kwangu. Ulikuja kwa nini?"

Mwinyimadi alimtazama kwa mshangao, kama ameulizwa kwa nini watu hula.

"Nikae hotelini nanywa chai, na Kibwana anateremshwa na majirani? Miye ndiye mkubwa. Baba alipokufa niliingia kaburini miye, Kibwana akiwa mdogo, analia pale juu. Nimemuua miye. Kumzika vilevile ni kwangu."

Katika miaka kumi na minne Athanas alikwisha kuwakamata watu kwa tamaa zao, kwa pombe zao, kwa wake zao. Huyu alimkamata kwa udugu, na hakuona raha hata kidogo. Alimwambia washuke.

"Naomba nimwambie mama mwenyewe," Mwinyimadi alisema wakiwa njiani.

"Mwambie."

Bi Biubwa alikuwa palepale kwenye jamvi, mbele ya shuka. Mwinyimadi akapiga magoti, akayasema yote kwa sauti ndogo, bila ya kujitetea. Mwanzoni bibi alitikisa kichwa.

"Weye ulikuwa Aden. Ulikuja na ndege."

"Nilikuja Jumapili, mama."

"Simu ilikukuta jikoni. Sufuria..."

"Hapakuwa na sufuria, mama."

Nyuma ya shuka Zena alianza kulia, kwanza kimyakimya, kisha kwa kwikwi. Athanas alilisogelea shuka.

"Bi Zena, kesho hutoki. Maliza eda yako." Aliona haya kulisema. Lilikuwa jambo jema, na katika nyumba ile halikuwa na pa kukaa.

Bi Biubwa hakulia. Alimkazia Athanas macho yaliyokauka.

"Watamnyonga?"

"Hakimu ndiye anayesema, mama. Lakini huenda."

"Wakimaliza naye, nitapewa?"

Athanas angeweza kudanganya. Kesi ingechukua miezi, na pengine bibi mwenyewe asingefika huko. Lakini uongo wa kumfariji ulikwisha kumtosha mama huyu.

"Hutapewa, mama. Wanazikwa mlemle gerezani."

"Na nani?"

"Na wafungwa."

Bibi akanyoosha mkono, akamshika mwanawe kichwani, akamfuta tope la shambani, kwanza kwa kiganja, halafu kwa ncha ya kanga.

"Basi mniachie nimwogeshe sasa," alisema. "Zena, mwanangu, nitilie maji ndooni. Yasiwe baridi."

Athanas alitoka nje, akasimama mvuani, akampungia dereva mkono azime gari.